Diski Mpya, na Ile ya Zamani Ipelekwe Wapi



Diski ya kompyuta ikianza kutoa mlio wa kugonga, mwenyewe asingoje. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na zikishaanza kugonga, kila kuwashwa huenda kukawa kwa mwisho. Za kisasa, SSD, hazina kinachozunguka. Huwaka upesi na hustahimili safari ya bodaboda kutoka Kitengela.

Kuhamisha si kazi kubwa. Diski mpya huunganishwa kwa waya wa USB, kisha programu hunakili kila kitu, Windows na faili zote. Stima ikipotea katikati, kazi huanza upya.

Wengi huumia baadaye: diski ya zamani hufutwa jioni ile ile. Kwanza mpya iwashwe peke yake, faili kadhaa zifunguliwe, siku chache zipite.

Kisha kuna mali ya wateja. Saiba hupiga skani vitambulisho, hatimiliki za mashamba, vyeti vya kuzaliwa. Kubonyeza "futa" hakuviondoi. Programu za bure huvirudisha, na diski iliyouzwa sokoni huondoka navyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Basi diski nzima iandikwe upya kwa programu ya kufuta kabisa. Ikiwa imekufa, itobolewe sahani zake kwa drili kabla ya kumfikia mnunuzi wa vyuma vikuukuu.