Kisu Kisichopata

Leo twataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo ambacho huenda kimo mfukoni mwako hivi sasa, yaani kisu cha kukunja.

Sisi tulikuwa nacho kimoja, na tulikipenda. Tulimenyea machungwa, tulichongea penseli za watoto, hata kufungulia makopo, kazi ambayo si ya kisu kabisa. Kukinoa tulisema, "Kesho." Jioni moja ya mvua watoto walikuja mbio kutuita. Mbuzi aliyefungwa mtelemkoni alikuwa ameuzunguka mti, akateleza, na kamba ya katani ikamkaba shingo. Tulitoa kisu tukakata, hakikupata. Tukakaza mkono, tukakikokota kama msumeno. Kikateleza juu ya kamba iliyolowa, kikatukata kidole gumba hadi karibu na mfupa. Kamba ilipokatika, mbuzi alikuwa amekwisha kufa. Naye alikuwa mbuzi wa karo.

Tuliomba huku tukikata, wala hatuoni haya kulisema. Lakini kazi ya kinoo ilikuwa yetu, tena ilikuwa ya majuma yaliyopita.

Wako wadhanio kwamba kisu butu hakina hatari. Kisu kikali hufuata mkono kwa nguvu kidogo. Kile butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu hizo zikiponyoka, hujui zitaishia wapi. Mhubiri aliliona jambo hili zamani, nalo limo katika sura yake ya 10.

Mzee jirani yetu alikuja kutupa pole. Aliyagusisha makali ya kisu kwenye ukucha wake, yakateleza. "Wanangu, mlikinoa lini?" Hatukuwa na jibu. Basi akaketi akatufundisha.

Lowesha kinoo kwa maji. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo wake kidogo, karibu unene wa penseli, ndiyo kama nyuzi 20. Sukuma kana kwamba wataka kulimenya jiwe ganda jembamba, toka shinani hadi nchani. Hapa ndipo wengi hukosea: mkono hupanda na kushuka, na makali huviringika badala ya kuchongoka. Mapigo yawe sawa kila upande. Anza na uso wa jiwe wenye kukwaruza ikiwa kisu kimeharibika sana, umalize na ule laini. Mwisho kipitishe juu ya mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia, ili kuondoa uzi mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni.

Fundi apitaye mitaani na baiskeli yake ya kunolea ni msaada mkubwa kwa mapanga. Lakini kisu chembamba, kikishikwa sana kwenye jiwe kavu lizungukalo, hupata moto. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha kupotea hapo.

Twasoma katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, kwamba Waisraeli hawakuwa na mhunzi, ikawapasa kuwashukia Wafilisti, adui zao, ili wanolewe majembe na mashoka, tena kwa malipo. Maskini wale walikuwa na udhuru. Sisi jiwe lilikuwa mlangoni, twakwangulia matope ya viatu!

Siku hizi kinoo hutolewa kila Jumamosi jioni, kabla ya kupiga pasi nguo za kanisani. Mapigo matano kila upande hutosha, kwa kuwa kisu hakijapata nafasi ya kuwa butu. Kikikata malimau huoshwa na kukaushwa mara moja, maana maji yale hula chuma. Tone moja la mafuta ya cherehani hutiwa kwenye kiungo. Na tukisahau, mtoto wetu mkubwa, yule aliyefika wa kwanza kutuita jioni ile, hulileta jiwe mwenyewe na bakuli la maji.