Angalia maji na oili kabla ya kuwasha gari

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na madereva na wenye magari, Butula)

Mimi si fundi. Mafundi wa jua kali walioketi pale nyuma wananijua, kwa hivyo nikikosea wanirekebishe. Nimekubali kuzungumza kwa sababu gari la marehemu baba liliwahi kunichemkia karibu na Bumala, nikiwa nimembeba shangazi yangu amebanwa na kifua, tukielekea hospitali kule Busia.

Matrela yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, nasi tukajikokota nyuma yao. Mshale wa joto ukapanda. Nikajiambia tutafika tu. Mvuke ulipofoka kwenye boneti nilishuka mbio, nikafungua kifuniko cha rejeta, na maji yakaniunguza mkono huu mnaouona. Shangazi alichukuliwa na dereva wa Probox iliyokuwa imejaa abiria. Walibanana wakampa nafasi. Alipona, namshukuru Mungu. Fundi aliniuliza swali moja: "Uliangalia maji lini?" Sikuwa na jibu.

Injini hufanya kazi kwenye joto la karibu digrii 90, na maji ya rejeta hufungiwa kwa nguvu ili yasichemke upesi. Ukifungua kifuniko yakiwa moto, nguvu ile inatoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia. Kwa hivyo gari likichemka, egesha pembeni, zima, usubiri ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima. Usiimwagie injini maji baridi. Chuma chenye moto hupasuka. Tafuta gari jingine la mgonjwa wako.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama chupa ya maji kando ya rejeta. Ina alama mbili. Maji yawe katikati. Kulanti ni bora kuliko maji matupu, kwa sababu maji ya kisima huacha chumvi na kutu ndani ya mirija. Ukilazimika kutia maji ya kisima njiani, tia ufike, kisha mwambie fundi.

Oili nayo hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika 10 hivi ili oili ishuke chini. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kivute tena usome. Ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe. Usijaze kupita alama ya juu pia, maana oili ikizidi hutoa povu. Rangi nyeusi pekee isikutishe. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na huenda gaskiti imeungua.

Mafuta ya breki ndiyo tunayoyasahau zaidi, na kusema kweli ndiyo yanayonitisha mimi. Hunyonya unyevu wa hewa polepole. Breki zikipata moto unyevu huo huwa mvuke, na pedali inazama hadi chini. Yabadilishwe kila miaka 2. Soma kifuniko kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, ununue hiyo hiyo. Kamwe usitie oili ya injini humo, hata tone, kwani huvimbisha raba na breki kukosa kazi.

Gia ya otomatiki mwachie fundi. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na maandishi ya chini ya boneti ni ya Kijapani. Ukikisia oili ya gia, utanunua gia nyingine.

Kama unaongeza maji au oili kila wiki, kuna mahali panavuja au panapoungua. Weka katoni chini ya gari usiku, uone asubuhi doa liko wapi na lina rangi gani. Umwonyeshe fundi katoni hiyo. Itampunguzia kazi ya kubahatisha.

Na oili chakavu, jamani, isimwagwe mtaroni. Mvua ikinyesha inaishia mtoni, na mto huo huo tunauchota. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, umrudishie fundi.

Sasa tutoke nje. Gari letu liko chini ya mwembe, halijawashwa tangu jana. Nani atavuta kijiti kwanza? Mama mwenye leso ya kijani, karibu.