KWA NINI WATOTO WETU WA KIUME HUIACHA SHULE

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumetakiwa kunena juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulipita njiani. Saa nne asubuhi, kengele ya shule imekwisha kulia zamani, nasi twaona vijana wa miaka 12 na 13 wakisukuma mikokoteni ya maji Kayole, wakiokota vyuma chakavu katika jaa la Dandora, au wakining'inia milangoni mwa matatu katika barabara ya Jogoo. Hao si wageni. Ni wana wetu.

Wengi husema sababu ni karo. Neno hilo lilikuwa kweli zamani. Lakini mwaka 1974 Serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya chini, na Januari 2003 ikaiondoa katika shule zote za msingi za umma. Mwaka huo wanafunzi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Ikiwa mlango ulimfungukia babu, mbona mjukuu anautoka?

Sisi twajibu hivi: mtoto hafukuzwi na karo, huvutwa na shilingi. Karo iliondoka, lakini sare, viatu na chakula vilibaki juu ya mzazi. Mvulana ambaye viatu vyake vimekwisha hukaa nyumbani Jumatatu. Jumanne hupata kazi ya kuchota maji, akarudi na fedha mkononi. Unga ukanunuliwa, wala hapana aliyeuliza. Jumatano huona haya kumkabili mwalimu, kwa kuwa somo limempita. Mwezi ukiisha, amekwisha kuwa mtu wa mapato. Hakuna siku aliyotangaza kwamba ameacha shule. Haba na haba hujaza kibaba, na ujinga nao hujazwa vivyo hivyo, siku moja moja.

Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, zikafunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021. Hapo tuliona wazi jinsi ilivyo vigumu kumrudisha dawatini kijana aliyeonja fedha.

Hatusemi kwamba wasichana hawana mizigo yao. Wanayo, na ni mizito. Lakini msichana asipoonekana jioni, ploti nzima huulizana. Mvulana asipoonekana, twasema, "Amekuwa mwanamume, ajitafutie." Wazee wetu, mtoto wa miaka 13 si mwanamume wa kulisha nyumba. Shilingi anayoileta leo ni mshahara wake wa kesho anaoukopa kwa riba kubwa.

Hata hivyo tusikate tamaa. Mwaka 1959, katika mji wetu huu huu, Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianza na vibanda viwili vya mabati, wakawakusanya wavulana wasio na makao, wakawapa chakula na masomo. Huo ndio mwanzo wa Shule ya Starehe. Hawakungoja watoto waje, waliwaendea. Tena mwaka 2023 kaunti yetu ilianza kupika chakula cha mchana cha shule, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Mtoto ajuaye atashiba shuleni hana haja ya kutafuta mandazi stendi.

Basi twaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, kila mtaa, tangu Kaloleni hadi Umoja, uchague wazee wawili wa kutembelea nyumba ya mvulana aliyekosa shule siku tatu. Siku tatu, si miezi mitatu. Pili, mwanachama mwenye duka, mkokoteni au mizani ya vyuma asimpe mtoto kazi saa za masomo. Tatu, sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa viatu na sare.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Lakini sheria haijui ni mtoto gani wa mlango wa tatu ambaye leo hakwenda. Sisi twamjua, na jina lake twalijua. Basi tumwulize leo, angali mtoto.