Mbwa wa Mfalme na Mbwa Koko: Nani Aliwatenganisha?



Wauza mbwa hupenda kutuambia kwamba mbegu fulani ni ya kifalme, kana kwamba ufalme umo katika damu ya mnyama. Jioni hii ninatetea hoja tofauti: cheo cha mbwa hutolewa na binadamu, na anayekilipia mara nyingi ni mbwa mwenyewe, kwa mwili wake.

Tuanze na sheria. Mwaka 1217, kwa jina la Henry III aliyekuwa bado mtoto, Uingereza ilitoa Mkataba wa Misitu. Misitu ya mfalme ilikuwa hifadhi ya kulungu wake, na mbwa wa mwanakijiji aliyeishi humo alihesabiwa jangili hata kabla hajakimbiza kitu. Mkataba uliagiza mbwa wakaguliwe kila mwaka wa tatu kuona kama wamekatwa vidole vitatu vya mguu wa mbele. Mwenye mbwa asiyekatwa alitozwa shilingi 3. Mbwa wa mfalme walikimbia na vidole vyao vyote. Kabla ya kuuliza habari za uzao, basi, tuulize habari za kisu.

Vita navyo viligawa vyeo. Huko China, watawala wa Qing waliwafuga ikuluni vijibwa wenye uso bapa, tunaowaita Pekingese. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la Yuanmingyuan, kisha Waingereza wakalichoma. Kapteni John Hart Dunne alirudi kwao na kijibwa mmoja, akamkabidhi kwa Malkia Victoria. Walimwita Looty, yaani nyara, wala hawakuona haya. Mwaka 1861 Friedrich Keyl alimchora. Ufalme wa kijibwa huyo ulihama pamoja na ushindi.

Mfano wa tatu unauma zaidi. Mfalme Charles II wa Uingereza aliwapenda mno spanieli wadogo. Mwaka 1667 Samuel Pepys alinung'unika katika shajara yake kwamba mfalme anacheza na mbwa badala ya kushughulikia mambo ya nchi. Karne mbili baadaye wafugaji walikuwa wamekwisha kuifupisha pua ya spanieli hao. Ndipo mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge akatangaza zawadi ya pauni 25 kwa mbwa atakayefanana na wale wa michoro ya enzi za Charles. Watu wakaanza kuzalisha wanyama wafanane na picha. Cavalier King Charles aliyepatikana alitambuliwa rasmi mwaka 1945. Leo wengi wa uzao huo huugua moyo, na wengine fuvu lao ni dogo mno kwa ubongo wao. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo, Norway, iliamua kwamba kuwazalisha kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Atakayesema kwamba damu hata hivyo ina uzito wake, nitamtajia corgi. Huyu alikuwa mbwa wa wachungaji wa Wales, kazi yake kuswaga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino. Mwaka 1933 Duke wa York, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George VI, alimnunua corgi aliyeitwa Dookie. Mwaka 1944 bintiye Elizabeth alipewa corgi mwingine, Susan, alipotimiza miaka 18. Kutoka kwa Susan walizaliwa vizazi kwa vizazi vya mbwa wa ikulu, na mswagaji ng'ombe akasahauliwa.

Karibu na kwetu, mwaka 1862 mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alimkuta Kabaka Mutesa wa Buganda ana mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke kando yake, zikiwa ndizo alama za enzi. Mbwa yule alikuwa na heshima kwa sababu ya aliyesimama naye.

Kwa hiyo, mtu akikuuzia mbwa wa kifalme kwa bei ya kifalme, mwulize kwanza kuhusu moyo na pumzi zake. Nanyi wanafunzi wa historia, mkikutana na mnyama mwenye cheo, tafuteni waliokatazwa kumfuga. Humo ndimo historia yake ilimoandikwa.