PROPAGANDA ZA VITA: NANI ANASEMA, NA ANATAKA NINI?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, ahli zake na sahaba zake.



Vijana wengi leo wanavutiwa mno na picha na hotuba za vitani zinazowafikia katika simu. Huzihifadhi na kuzisambaza, wakistaajabia ufundi wake kabla ya kuuliza ukweli wake. Basi tutazame mfano mmoja unaotuhusu sisi Waislamu, na uliofika hadi katika ardhi yetu.

Tarehe 14 Novemba 1914, mjini Istanbul, zilisomwa fat'wa tano za Shaykhul Islam Hayri Efendi zilizotangaza jihadi dhidi ya Urusi, Uingereza na Ufaransa. Mataifa hayo yalitawala mamilioni ya Waislamu, na dhulma zao hazikuwa siri. Hapo ndipo ilipo nguvu ya propaganda: mara nyingi haianzi na uongo mtupu, bali huanza na jeraha la kweli. Lakini fat'wa ya tano iliongeza kuwa Waislamu walio chini ya mataifa hayo wakipigana na Ujerumani na Austria wanapata dhambi kubwa. Ujerumani iliingiaje humo?

Jibu liko Berlin. Max von Oppenheim, mjuzi wa nchi za Mashariki, aliishauri serikali yake iwachochee Waislamu dhidi ya maadui zake, na ikafunguliwa ofisi ya kuandika na kutafsiri matangazo. Katika kambi ya Wünsdorf, kusini ya Berlin, mateka Waislamu kutoka majeshi ya Ufaransa na Uingereza walijengewa msikiti wa mbao mwaka 1915, na wakachapishiwa gazeti lililoitwa El Dschihad. Msikiti ulikuwa wa kweli, na swala zilisaliwa kweli. Lakini vyote vilikuwa chambo: ilitakiwa mateka wakubali kurudi vitani, safari hii upande wa Ujerumani na washirika wake.

Je, Ujerumani hiyo iliwatendeaje Waislamu iliowatawala yenyewe? Hapa kwetu ilizima Vita vya Maji Maji (1905-1907) kwa kuteketeza mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi mno, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Mwaka 1913 utawala wa Gavana Heinrich Schnee uliwauliza maofisa wake njia za kuzuia kuenea kwa Uislamu. Vita vilipoanza, utawala huo huo ukaueneza wito wa jihadi kwa raia wake Waislamu! Maneno yalibadilika, maslahi hayakubadilika.

Wala Waingereza hawakuwa bora. Mwaka 1917 magazeti ya London yalieneza kuwa Wajerumani wanachemsha maiti za askari wao ili kupata mafuta. Mwaka 1925, Waziri wa Mambo ya Nje, Austen Chamberlain, alikubali bungeni kauli ya Ujerumani kuwa habari hiyo haikuwa na msingi. Madhara yake yalidumu: zilipokuja habari za kweli za mauaji ya Wanazi katika vita vya pili, wapo waliozidhania kuwa ni uzushi kama ule wa zamani.

Na nani alilipa gharama? Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa katika vita hivyo. Waislamu walikuwamo pande zote mbili, wakiuana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kwa hiyo, kabla hujamtumia mwenzio picha ya vita, jiulize: Nani ameitoa? Anataka nifanye nini? Na yeye mwenyewe anawatendeaje walio chini ya mkono wake? Kuwahurumia wanaodhulumiwa ni wajibu, lakini huruma isiyohakikisha hugeuzwa silaha mikononi mwa dhalimu mwingine.

Allah atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.