Kaunti Moja, Kura Moja: Mabaraza Mawili ya Kenya

Bunge la Kenya lina mabaraza mawili, Bunge la Taifa na Seneti. Seneti si ngeni: ilikuwapo wakati wa uhuru, ikafutwa mwaka 1966, kisha Katiba ya 2010 ikairudisha.

Bunge la Taifa lina wabunge 349, mbali na Spika. Kati yao, 290 huchaguliwa katika maeneobunge, na mwenye kura nyingi hutwaa kiti hata asipofikisha nusu. Wanawake 47 huchaguliwa mmoja kwa kila kaunti, na 12 huteuliwa na vyama kulingana na viti vilivyopata.

Seneti ina maseneta 67, wa kuchaguliwa 47 na wa kuteuliwa 20. Hapa ndipo penye utamu, au utata. Hoja inapohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti hupiga kura moja tu, kwa hiyo Lamu yenye watu wachache hulingana na Nairobi. Seneti pia ndiyo humsikiliza gavana ambaye bunge la kaunti limepiga kura kumwondoa. Hata hivyo, mswada wa fedha huanzia Bunge la Taifa, na huko ndiko uzito uliko.

Uchaguzi hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Kwa kukosekana sheria ya kulitekeleza hilo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais mwaka 2020 alivunje Bunge. Halikuvunjwa; wabunge waliendelea hadi uchaguzi wa 2022.