ARDHI NI AMANA
(Hotuba juu ya vikundi vya kuhifadhi mikoko vijijini)

Hatukuja kuvisifu vikundi vyenu vya kujitolea. Sifa hazizuii maji ya chumvi. Nyote mwayajua mabonde ya mpunga ya Pemba yaliyoingiwa na bahari, hata wenyewe wakaacha kulima.

La kwanza ni haki. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Nambari 10 ya mwaka 1996, yawaruhusu wanakijiji kupatana na Serikali ili wautunze msitu wao. Hiyo si hisani ya mtu. Kikundi kisicho na mapatano ya maandishi wala mipaka inayojulikana ni sawa na mlinzi wa shamba lisilo lake.

La pili, kupanda siko kuhifadhi. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, na kuichomeka ni kazi nyepesi. Lakini ikichomekwa katika tope lisiloachwa na maji, hufa. Waulizwe wazee: mikoko ilisimama wapi, na iliondokaje? Ikiwa mkondo umezibwa, na uzibuliwe kwanza. Mara nyingi miti huota yenyewe.

La tatu ndilo zito. Mwenye kukata kuni za tanuri la chokaa ni jirani yetu, naye ana watoto. Kumfukuza bila ya kumwonyesha riziki nyingine ni dhulma, na usiku atarudi. Basi na litengwe shamba la mivinje kwa ajili ya kuni na majengo, naye awe wa kwanza kuitwa.

La nne ni fedha. Katika vijiji vya Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, sehemu ya ada za wageni hurudi kwa wenyeji. Panapoingia fedha huingia fitina. Hesabu na zisomwe hadharani, na wanawake wanaoingia topeni waingie na kamatini.

Mwisho, twakiri kosa letu. Sisi wa chama tumezoea kufika siku ya kupanda, tukahutubu, tusirudi tena. Tangu leo twaahidi kuja siku ya kupalilia na siku ya zamu. Wala kikundi kisimwulize mtu kadi yake. Bahari ijapo kondeni haiulizi.